Kola ya GPS haichukui nafasi ya chipu: ufafanuzi kwa wenye paka wanaoishi England

Tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka anayefugwa England anatakiwa kisheria awe amewekewa chipu na taarifa za mwenyewe ziwe zimeandikishwa kabla paka huyo hajatimiza umri wa wiki 20. Tangu wakati huo idara yetu ya ustawi wa wanyama, iliyo chini ya halmashauri, imekuwa ikipokea simu na barua nyingi za maswali, zikiwamo za ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, na kauli inayojirudia katika simu hizo ni hii: "Paka wangu nimemvisha kola yenye GPS, namwona kwenye simu wakati wowote, kwa hiyo suala la chipu halinihusu." Linakuhusu. Kola ni uamuzi wako wewe na mfuko wako, na kwa kiasi kikubwa ni uamuzi mzuri. Chipu ni sharti la sheria, na kuwa na kimoja hakukuondolei wajibu wa kingine.

Chipu ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega. Hakina betri na hakitumi chochote popote. Kinabaki kimya maisha yote ya paka mpaka mtu asogeze mashine ya kusomea, sentimita chache tu kutoka kwenye manyoya, na hapo hutoa namba yenye tarakimu 15. Namba hiyo haina jina lako wala anwani yako. Vitu hivyo vimo katika hifadhidata, na ndiyo sababu chipu isiyoandikishwa haina msaada wowote. Tumeshapigiwa simu na watu wanaotuomba "tufungue ramani" ya chipu tuwaambie paka yuko mtaa gani. Hakuna ramani ya namna hiyo, haijawahi kuwapo, na hakuna ofisi yoyote inayowaficha.

Kola ya GPS hufanya kazi tofauti kabisa. Kifaa kilichomo hupokea ishara za setilaiti, hukokotoa chenyewe mahali kilipo, kisha hutuma jibu kwenye simu yako kupitia mtandao wa simu za mkononi. Kwa hiyo ndani yake mna laini ya simu, na karibu kila mara kuna ada ya mwezi au ya mwaka. Betri ikiisha, mtandao ukikosekana, au kola ikinasa kwenye tawi na kudondoka, unachokiona kwenye simu ni mahali kilipo kifaa, au mahali kilipokuwa mara ya mwisho. Paka mwenyewe anaweza kuwa mtaa wa tatu, amelala kwenye gari la mtu, bila kitu chochote shingoni. Mtu mwema akimwokota na kumpeleka kwa daktari wa wanyama, kitakachomrudisha nyumbani ni chipu.

Utaratibu wa sheria tunaulizwa kila siku, kwa hiyo tunaueleza kwa ukamilifu. Kanuni za mwaka 2023 kuhusu chipu za paka na mbwa ni za England pekee; anayeishi Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini hafungwi nazo kwa paka wake. Anayebeba wajibu ni yule ambaye paka huishi kwake kwa kawaida, hata kama pesa za kumnunua zilitolewa na mtu mwingine, na hata kama familia nzima inasema paka ni wa mtoto. Chipu huwekwa na daktari wa wanyama, muuguzi wa wanyama anayefanya kazi chini ya maelekezo ya daktari, au mtu aliyepata mafunzo yanayotambuliwa. Baada ya hapo taarifa huandikishwa katika hifadhidata inayokidhi masharti ya serikali: jina kamili, anwani na namba ya simu ya mwenye paka, pamoja na maelezo ya paka mwenyewe. Hifadhidata hizo ziko nyingi, zinaendeshwa na kampuni mbalimbali, na si jukumu la kliniki kukukumbushia uliandikishwa wapi. Hifadhi cheti chako. Paka aliyeletwa kutoka nje ya nchi anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 30 tangu kuingia. Paka asiye na chipu hapaswi kukabidhiwa kwa mwenyewe mpya. Anayesamehewa ni yule ambaye daktari amethibitisha kwa cheti kwamba afya yake hairuhusu, na muda ulioandikwa kwenye cheti ukipita, wajibu unarudi.

Mwenye paka asiye na chipu hupewa notisi ya siku 21. Notisi hiyo inaweza kutolewa na afisa aliyeidhinishwa wa halmashauri au na polisi. Ndani ya siku hizo 21 unatakiwa uwe umeweka chipu na umeandikisha. Kuweka miadi na kliniki hakutoshi. Usipotekeleza, unaweza kufikishwa mahakamani na kutozwa faini isiyozidi pauni 500, na afisa anaweza kuagiza paka awekewe chipu bila ridhaa yako, kisha ukadaiwa gharama. Tunasisitiza kwamba faini hiyo haitozwi mlangoni kwa fedha taslimu. Mtu akigonga kwako akadai pauni kadhaa za "faini ya paka", usimpe hata senti, na utoe taarifa polisi.

Wengi wetu tumekulia Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, ambako paka ni wa mtaa. Anakula kichwa cha samaki kwa fulani, analala barazani kwa mwingine, anazalia kwenye dari ya wa tatu, wala hakuna anayeulizwa paka huyu ni wa nani. Kumpa paka chakula ni thawabu, na hakuna sheria ya England inayomkataza mtu kufanya wema huo. Paka anayejitegemea, asiyeishi kwa mtu, hahesabiwi katika kanuni hizi. Lakini akishaanza kulala kwako kila siku na kukutegemea kwa chakula na matibabu, swali la nani anawajibika naye linaanza kupata jibu, na jibu ni wewe. Kabla ya kufikia hapo, mpeleke kliniki asomwe chipu. Huenda kuna nyumba mbili mbele yako mtoto analia kwa ajili yake.

Sasa kuhusu nukta inayoonyesha kwenye simu mahali kola ilipo, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia. Wakati wa fataki za Novemba, mama mmoja mzaliwa wa Mombasa alifika ofisini kwetu akiwa na simu mkononi. Kwa siku mbili nukta ya paka wake ilikuwa juu ya paa la jirani wa kushoto na haikuondoka. Alikwenda kugonga, jirani akakana, wakarushiana maneno, naye akataka tuongozane akaone ndani. Tulimweleza kwamba afisa wa halmashauri hana mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu kwa sababu ya nukta ya simu. Kisha tukamwomba atufungulie historia ya siku nzima. Zilitokea nukta kumi na kitu zimetawanyika mithili ya mtama uliomwagika: mbili juu ya paa lile, moja katikati ya barabara, nyingine kwenye bustani za nyuma, na betri imebaki asilimia 9. Nukta zinazorukaruka namna hiyo usiku kucha hazina maana kwamba paka anatembea. Zina maana kwamba kifaa kimetulia mahali penye paa au ukuta, ishara za setilaiti zinakifikia kwa shida, na kila hesabu inatoa jibu tofauti kidogo. Tulimshauri aende kwa majirani wengine awaombe, kwa upole, wafungue vibanda vya bustani. Paka alikuwa kwenye kibanda cha nyumba ya kulia, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, kola ikiwa shingoni, koo limekauka kwa kiu. Mama yule alikwenda kumwomba radhi jirani wa kushoto jioni ileile.

Mahali pa wazi kifaa kizuri hukosea kwa mita chache tu, lakini kati ya nyumba zilizobanana kosa hilo linakua, na upana wa kiwanja cha nyumba za safu katika miji yetu unatosha kuhamisha lawama kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Itumie nukta kama dalili ya eneo la kuanzia. Paka wengi waliopotea hawako mbali: katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, asilimia 75 ya paka waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotorokea. Naye paka mwenye afya huingia kwa watu kuliko mwenyewe anavyodhani. Mwaka 2013 wataalamu wa Royal Veterinary College, chuo cha madaktari wa wanyama, walishiriki kuwavisha vifaa vya GPS paka 50 wa kijiji cha Shamley Green, Surrey, na ikaonekana kuwa baadhi yao walikuwa wakiingia nyumba za wengine kula chakula kisicho chao. Basi paka wako kuonekana kwa jirani si ushahidi wa wizi.

Wizi wenyewe upo, na sheria yake ipo. Tangu tarehe 24 Agosti 2024, kumchukua paka wa mtu bila ruhusa wala sababu halali, au kumfanya afuatane nawe, ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu gerezani kwa muda usiozidi miaka mitano. Anayeamini kwamba hilo limetokea apeleke taarifa polisi akiwa na namba ya chipu, picha, na historia ya kola kama anayo. Historia hiyo inaweza kusaidia uchunguzi, lakini namba ya chipu ndiyo inayomtambulisha paka mmoja kati ya weusi kumi wanaofanana. Tafadhali usiende kuvunja mlango wa mtu; kesi itakayofunguliwa itakuwa yako.

Upande wa kola yenyewe tuna wasiwasi mkubwa kuliko upande wa sheria. Madaktari wa wanyama hupokea paka ambao mguu wa mbele umepenya ndani ya kola, ukanda ukahamia kwapani na kukata nyama siku baada ya siku huku manyoya yakificha kila kitu. Jeraha la kwapa hupona polepole mno, kwa kuwa kila hatua ya paka hulifungua upya. Nunua kola ambayo kifungo chake huachia chenyewe ikivutwa kwa nguvu. Tunajua wapo wanaoiepuka wakihofia kupoteza kifaa cha bei kubwa, na tunaomba walifikirie hilo tena: kifaa kitanunuliwa kingine. Ifunge kiasi cha vidole viwili kupita chini yake, ipime kila wiki kwa paka ambaye bado anakua, na usome kwenye boksi uzito wa chini wa paka ambaye kifaa kilitengenezwa kwa ajili yake. Kifaa cha mbwa kilichopunguzwa mkanda si kifaa cha paka.

Wanaonunua vifaa vilivyotumika wawe waangalifu zaidi. Mitandao ya simu ya 3G, yaani ya kizazi cha tatu, imezimwa Uingereza, na kampuni za simu zimekubaliana na serikali kwamba 2G, iliyoitangulia, nayo itakuwa imezimwa ifikapo mwaka 2033. Kola ya zamani inayotegemea 3G itawasha taa yake vizuri mezani kwako, itachaji, na haitakutumia chochote. Uliza kabla ya kulipa. Vivyo hivyo vile vidude vidogo vya Bluetooth, mfano AirTag cha kampuni ya Apple, havina GPS ndani. Hutegemea simu ya mpita njia iwe karibu, na Apple wenyewe wamesema walikitengeneza kwa ajili ya vitu, si wanyama. Katika mtaa wenye watu wengi kinaweza kukupa fununu. Shambani nje ya mji kitakaa kimya. Betri yake ya mviringo ni hatari paka akiitafuna na kuimeza, na hapo ni kliniki moja kwa moja bila kusubiri asubuhi.

Jambo la mwisho ndilo linalotuumiza zaidi kazini. Dereva akimgonga mbwa, sheria ya barabarani ya mwaka 1988 inamlazimu kutoa taarifa, na vilevile akimgonga farasi, ng'ombe, punda, nyumbu, kondoo, nguruwe au mbuzi. Paka hayumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo wapo wanaoachwa ukingoni mwa barabara, na wanaopiga simu kwetu ni wapita njia. Tukifika tunapitisha mashine mabegani, namba inatokea, tunaipeleka kwenye hifadhidata, na mara nyingi mno tunakuta namba ya simu iliyoachwa kutumika na anwani ya nyumba aliyohama mwenyewe. Kuhama nyumba au kubadili laini bila kusahihisha taarifa za chipu ni kuivunja sheria ileile tuliyoieleza hapo juu. Chukua cheti chako jioni hii, ingia kwenye hifadhidata iliyoandikwa pale, na utazame kama namba ya simu iliyomo ndiyo unayoipokea leo. Kama cheti kimepotea, kliniki yoyote ikisoma chipu itakupa namba, na namba hiyo ukiitafuta kwenye ukurasa wa hifadhidata yoyote inayotambuliwa, utaelekezwa taarifa zako zilipo.