Krimu ya jinsengi: soma kopo kabla ya kujipaka

Jinsengi ni nini hasa?
Ni mmea wa milima ya Korea na kaskazini-mashariki ya China. Kinachotumika ni mzizi, ambao kwa kawaida huachwa ardhini miaka 4 hadi 6 ndipo uchimbwe. Una matawi kama mikono na miguu, na jina lake la Kichina lina neno "mtu" ndani yake. Kwenye lebo tafuta Panax ginseng. Ile inayoitwa jinsengi ya Siberia ni mmea mwingine kabisa.

Ukipakwa, una madhara?
Kwa watu wengi hauna. Jopo la wataalamu linalokagua viambato vya vipodozi Marekani liliupitisha, kwa sharti kwamba mtengenezaji achanganye kwa namna isiyozua mzio. Sharti hilo ni la maana. Krimu moja huweza kuwa na dondoo za mimea mitano au sita, na kiasi kidogo cha kiwasho katika kila mmoja, vikijumlishwa, huisumbua ngozi.

Dada yangu alipaka krimu ya jinsengi, akawa mweupe ndani ya wiki mbili. Ni huo mzizi?
Hapana, jinsengi haifanyi hivyo. Mabadiliko ya haraka namna hiyo yanatia shaka kwamba kuna zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi, vitu vilevile vya mkorogo. Mwambie aiache leo. Kisha lichukueni kopo mlisome pamoja. Kama hakuna orodha ya viambato, au lebo yote ni ya lugha msiyoisoma, hiyo ni dalili mbaya. Kama limeandikwa krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, fikirini zebaki moja kwa moja, maana zebaki huharibu madini hayo. Hupenya ngozini ikaumiza figo, na mvuke wake huwafikia hata watoto ambao hawakupakwa. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vya zebaki, lakini madukani bado vinapenya. Aende hospitali apimwe, asisubiri kuumwa.

Inaondoa mikunjo kweli?
Sehemu kubwa ya utafiti imefanywa kwenye seli za maabara na wanyama, kwa hiyo usilipie bei ya muujiza.

Na kuinywa?
Hilo ni jambo jingine. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za kisukari, amuulize daktari kwanza. Mjamzito asiinywe.

Nijaribuje krimu mpya?
Paka kiasi cha punje ya choroko upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, mahali palepale, kwa siku 7 hadi 10. Usoni subiri kwanza. Ukiona wekundu, vipele au muwasho, osha kwa maji mengi na uache. Usipopoa, nenda kituo cha afya, na kopo ulibebe.