Kwa Nini Aliyefika Mwisho Idara ya Dharura Anaweza Kuhudumiwa Kwanza

Lalamiko ambalo wahudumu wa dharura katika hospitali za Mtwara na Lindi hulisikia mara kwa mara ni la ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, kisha akamwona majeruhi wa bodaboda aliyeletwa mchana akipitishwa moja kwa moja ndani. Uchungu wake unaeleweka. Hata hivyo, foleni ya idara ya dharura hupangwa kwa uzito wa hali ya mgonjwa, na ndiyo maana muuguzi wa mapokezi huangalia kwanza kama njia ya hewa iko wazi, huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, na husema na mgonjwa ili ajue kama anajitambua. Mwenye alama nyekundu hangoji, wa njano hufuata, na wa kijani husubiri. Lakini hali hubadilika: mtoto aliyekuwa akilia akinyamaza ghafla na kulegea, mzazi amwite muuguzi papo hapo, asiogope kuonekana msumbufu.

Jambo la pili ni dripu. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mwenye homa kali asipotundikiwa dripu hajatibiwa. Utafiti mkubwa uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa Tanzania na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikizunguka vizuri mwilini. Miongoni mwa waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, takriban 10.5 kati ya kila 100 walifariki ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 7.3 kati ya wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka. Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika utafiti huo, na mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anayahitaji. Kwa hiyo daktari anayekataa kuharakisha dripu huenda ndiye anayemlinda mtoto, na ni haki ya mzazi kuelezwa sababu.

Kwa majeruhi anayevuja damu, adui mkubwa ni muda. Utafiti wa CRASH-2, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa ya bei nafuu iitwayo asidi ya traneksamiki hupunguza vifo ikitolewa mapema. Ikitolewa baada ya saa 3 tangu kuumia, faida hiyo hutoweka na inaweza hata kudhuru. Kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi huko Liwale au aliyegongwa kwenye barabara ya Masasi, saa 3 hupita upesi, hasa masika. Kidonda kinachovuja kikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia njiani. Fomu ya polisi ya PF3 ina kazi yake kisheria, lakini haipaswi kutangulia uhai wa mtu: majeruhi afikishwe kwanza hospitali.

Mjamzito, mzazi aliyejifungua au kichanga akipata dharura, familia ipige namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo ni bure, ili apatiwe usafiri. Na kwa kila majeruhi, anayemsindikiza amweleze muuguzi mambo mawili: saa aliyoumia, na dawa yoyote, ya duka au ya kienyeji, aliyokwisha kupewa.