Je, ziwa la kuchimbwa lenye kina kifupi halina hatari kwa mpiga mbizi?

Wengi Kampala, wakitazama Ziwa la Kabaka lililochimbwa karne ya 19, huamini kwamba kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa ni hatari baharini tu. Mita 5 za maji baridi zina nini? Ni wazo la kueleweka. Juu kunaonekana karibu.

Ila hewa hubadilika ujazo kwa kasi zaidi karibu na uso wa maji. Jaribu mwenyewe: chukua chupa ya plastiki isiyo na kifuniko, pakaza unga ndani, ifunge jiwe ili mdomo uelekee chini, kisha uishushe kwa kamba hadi mita 3. Ukiivuta, unga utakuwa umelowa karibu robo ya chupa. Hewa ilibanwa, ikatanuka tena njiani. Mapafu yaliyojazwa hewa ya mtungi chini hutanuka vivyo hivyo. Ukibana pumzi huku unapanda, yanaweza kupasuka, hata kutoka mita 2.

Tena Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo majedwali ya baharini, yaani yale yanayompa mpiga mbizi kina na muda salama wa kukaa chini, hayatumiki yalivyo. Na konokono wa kichocho hupenda kingo zenye majani.