Funguo za Ufalme: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Katika baadhi ya mikesha ya maombi jijini Kampala, waumini huambiwa wainue funguo za nyumba, za duka au za bodaboda ili zipakwe mafuta, kisha huhakikishiwa kwamba milango yote ya riziki imefunguka. Kuombea riziki si kosa. Kosa ni kudhani kwamba funguo za ufalme wa mbinguni, ambazo Yesu alimwahidi Petro katika Mathayo 16:19 pamoja na mamlaka ya kufunga na kufungua, zinahusu jambo hilo.

Asili ya maneno yale ni Isaya 22, ambapo Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme huko Yerusalemu, anaambiwa kwamba ataondolewa, na ufunguo wa nyumba ya Daudi utawekwa begani mwa Eliakimu mwana wa Hilkia. Tusishangae kusikia habari za bega, kwani funguo za kale za nchi zile zilitengenezwa kwa mbao na nyingine zilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa kanzu. Msomaji wa Buganda hahitaji maelezo marefu hapa: Kabaka, yaani mfalme, anapomkabidhi Katikkiro, waziri mkuu wake, fimbo ya madaraka iitwayo Ddamula, humpa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, wala hampi kiti cha enzi.

Wengine humwona Petro kama bawabu anayekagua majina kwenye lango la mbinguni. Ni utani mzuri, lakini Ufunuo 21 inataja milango kumi na miwili yenye malaika kumi na wawili, nayo haifungwi kamwe.

Dhana iliyoenea zaidi ni ile ya “kufunga na kufungua”, ambayo imegeuzwa kuwa silaha ya kuwafunga pepo na kufungua akaunti za benki. Katika lugha ya walimu wa Kiyahudi, kufunga kulikuwa kukataza na kufungua kulikuwa kuruhusu. Na maneno hayohayo yanaporudi katika Mathayo 18:18, wanaambiwa wanafunzi wote, katikati ya mafundisho juu ya ndugu aliyekosa. Anayetaka kuhubiri juu ya kumfunga Shetani anao mfano wa mwenye nguvu katika Mathayo 12:29, hivyo hana haja ya kuliazima fungu hili. Tena Biblia ya Kiswahili ya Union imeitunza vema sarufi ya Kigiriki iliposema “litakuwa limefungwa mbinguni”: si kwamba mbingu itasubiri amri ya mtu, bali mtu anatangaza lililokwisha kuamuliwa huko.

Wapo pia wanaosema kwamba funguo ni mambo ya Wakatoliki tu, pengine kwa sababu ya funguo mbili zilizopishana, wa dhahabu na wa fedha, katika nembo ya Vatikani, iliyozoeleka nchini tangu ziara ya Papa Paulo VI mwaka 1969. Tofauti ipo kweli. Wakatoliki huona humo mamlaka ya Papa kama mrithi wa Petro, ilhali Waprotestanti wengi huona huduma ya Kanisa zima ya kuhubiri Injili na kutangaza msamaha. Hata hivyo, Wakatoliki wa kanisa kuu la Rubaga na Waanglikana wa kanisa kuu la Namirembe husoma Ufunuo uleule, ambapo Kristo mwenyewe anazo funguo za mauti na za kuzimu (1:18), na ule ufunguo wa Daudi, alioahidiwa Eliakimu kuubeba kwa muda, umo mikononi mwake (3:7).