Paka dume anachuchumaa, mkojo hautoki

Paka wangu dume anaenda kwenye mchanga kila baada ya muda mfupi, anajikamua, hakitoki kitu. Amefunga choo?

Huenda, lakini usianzie hapo. Dume akichuchumaa mara kwa mara, akalia, akalamba uume wake au akadondosha matone yenye damu, mchukulie kwamba njia ya mkojo imeziba mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Wengi humnywesha mafuta ya kula wakasubiri kesho, na kesho yenyewe inaweza kuwa imechelewa.

Mkojo tu, kwa nini umuue?

Mkojo usipotoka, figo hushindwa kuondoa taka mwilini. Potasiamu, madini ambayo figo huyatoa kwa mkojo, hupanda kwenye damu, moyo hupiga polepole na bila mpangilio, kisha husimama. Aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Akianza kutapika, kugoma kula na kulegea, hali imeshakuwa mbaya. Akiacha kulia pia usidhani amepata nafuu.

Mbona majike hayapati?

Hupata uvimbe wa kibofu, ila mrija wao wa mkojo ni mfupi na mpana, hauzibi kirahisi. Wa dume huwa mwembamba sana kwenye uume.

Huzibwa na nini?

Mara nyingi ute uliochanganyika na chembechembe za madini, mara nyingine kijiwe, au mrija umejikaza tu. Paka wanene, wanaoshinda ndani na kula chakula kikavu, wamo hatarini zaidi. Hata kuhama nyumba au kuletewa paka mgeni huchangia. Kwa paka kijana bakteria si chanzo cha kawaida, kwa hiyo sindano ya antibayotiki peke yake haizibui kitu.

Nimkande tumbo na kumpa Panadol wakati nasubiri?

Yote mawili hapana. Kibofu kilichojaa huwa kigumu kama chungwa, na ukikibonyeza kinaweza kupasuka. Panadol nayo ni sumu kwa paka, kwani ini lake haliwezi kuishughulikia parasetamoli, dawa iliyomo ndani yake. Damu hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, uso huvimba. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua.

Daktari atafanya nini?

Atamtundikia dripu, atampa kalsiamu ya kulinda moyo ikiwa potasiamu iko juu, atamlaza usingizi, kisha atapitisha mpira wa mkojo, ambao mara nyingi huachwa siku moja hadi tatu. Akizibuliwa hukojoa kupita kiasi na kupoteza maji mengi, ndiyo maana hulazwa. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani uulize kama wana mpira wa saizi ya paka. Si kila kituo kinao.

Tatizo hurudi?

Kwa baadhi, ndiyo, hasa wiki za mwanzo. Chakula chenye majimaji, maji safi na mchanga unaosafishwa kila siku husaidia. Anayeziba tena na tena hufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu nyembamba ya mrija na kumtengenezea tundu pana zaidi. Ataonekana kama jike kwa nyuma, lakini atakojoa.