Mtawa wa Shaolin: maana yake katika filamu za kungfu

Aliyekulia kwenye vibanda umiza anamjua kwa sura: upara, joho la rangi ya chungwa, nukta zimepangwa utosini, kiganja kimoja kimesimamishwa kifuani. Ni mhusika wa kubuni, ila hekalu lake lipo kweli. Lilianzishwa mwaka 495 kwenye mlima Song, mkoani Henan, China.

Ubudha wake hauko kwenye ngumi, uko kwenye miiko. Muumini wa kawaida hushika mitano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asitumie kileo. Mtawa kamili wa kiume nchini China hushika 250. Hapo ndipo hadithi inapopata moto. Steringi kauliwa ndugu zake, anakimbilia hekaluni kutafuta mbinu za kulipa kisasi, kumbe walimu wake wameapa kutoua! Katika The 36th Chamber of Shaolin (1978), San Te, aliyechezwa na Gordon Liu, anabeba ndoo za maji huku mikono kainyoosha pembeni, na visu vimefungwa kwenye mikono hiyo. Akiilegeza tu, ncha zinamchoma mbavuni. Kabla ya kurusha teke lolote la maana, anafundishwa subira. Filamu isiyo na mvutano huo inatuonyesha mpiganaji mwenye upara, basi.

Nukta za utosini ndizo hukosewa zaidi. Kwa Kichina zinaitwa jieba, yaani makovu ya miiko. Mtawa alipokuwa akiapishwa, vipande vya ubani viliwekwa juu ya kichwa kilichonyolewa, vikawashwa na kuachwa viungue hadi kwenye ngozi. Desturi hii inahusishwa na enzi ya Yuan (1271–1368), na mwaka 1983 Chama cha Wabudha cha China kiliipiga marufuku. Kwa hiyo mtawa wa enzi ya Tang (618–907) mwenye nukta amevalishwa alama ya karne za baadaye. Mtawa wa Thailand au Sri Lanka akichorwa nazo, msanii kachanganya mambo: huko desturi hiyo haipo.

Katuni nazo zimeazima. Krillin wa Dragon Ball ana nukta sita kwenye paji la uso kwa sababu alitokea hekaluni kabla ya kwenda kujifunza kwa Kame, mzee anayefundisha mapigano. Baadaye anaoa, anapata mtoto na kufuga nywele. Utawa umekwisha kitambo, nukta bado zipo.