Je, petroli ya mbio huongeza mbio?

Yenyewe, hapana. Chukua Subaru ya turbo ambayo injini yake haijachezewa tangu itoke Japani, ijaze petroli ya mashindano yenye oktani 110, kisha panda nayo mlima wa kutoka Kintinku kuelekea Manyoni. Ukilinganisha na petroli nzuri ya kawaida, nguvu itakayoongezeka ni ndogo, na mara nyingi haipo kabisa. Gereji nyingi za Dodoma hazitakuelewa ukisema hivyo. Namba kubwa, bei kubwa, harufu kali, na magari ya mashindano ndiyo yanayoitumia; itakosaje nguvu?

Itakosa kwa sababu oktani haipimi nguvu. Haipimi joto lililomo ndani ya lita, haipimi usafi, wala haipimi kasi ya kuungua. Hata wale wanaojisahihisha kwa kusema "oktani kubwa inaungua polepole" wamehama kosa moja kwenda jingine, maana yapo mafuta ya oktani kubwa yanayoungua upesi tu. Kinachopimwa ni ukaidi wa mafuta kujiwasha yenyewe yakishindiliwa na kupata joto. Kipimo kilibuniwa Marekani miaka ya 1920 kwa vimiminika viwili: isooktani, iliyo kaidi, ikapewa 100, na heptani, inayojiwasha kwa urahisi, ikapewa 0. Heptani safi ya wakati huo ilitoka kwenye utomvu wa msonobari wa California, kwa hiyo namba tunazobishania sheli zina asili kwenye mti. Petroli ya 95 ni ile inayostahimili, ndani ya injini maalumu ya silinda moja, sawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5.

Ushahidi kwamba nguvu na oktani ni vitu viwili uko wazi. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi kuliko lita ya petroli, lakini oktani yake inavuka 105. Halafu kuna kisa cha Honda. Mwaka 1988 magari ya McLaren yenye injini za turbo za Honda, yakiendeshwa na Ayrton Senna na Alain Prost, yalishinda mbio 15 kati ya 16 za Formula 1. Kanuni zilikataza oktani kuzidi 102 na zililipa kila gari la turbo lita 150 tu kwa mbio nzima. Honda wakaenda na toluini, kimiminika kizito ambacho lita yake hubeba nishati nyingi kuliko ya petroli. Lakini toluini tupu ingevuka ile 102, basi wakaipunguza makali kwa asilimia 16 ya heptani. Ndiyo, heptani ile ile yenye sifuri. Mabingwa wa dunia walishusha oktani kwa makusudi.

Sasa ukaidi huu una faida gani? Fikiria mkulima wa Kongwa anayechoma mabua ya mtama kabla ya kulima upya. Anawasha ukingo mmoja, moto unasogea mstari kwa mstari hadi upande wa pili. Ndivyo inavyotakiwa iwe ndani ya silinda: plagi inatoa cheche, moto unatembea, shinikizo linapanda kwa mpangilio na kuisukuma pistoni chini. Lakini moto ule ukitembea, hewa iliyo mbele yake inapata joto. Mabua yakiwa makavu mno, kona ya mbali inaweza kushika kabla moto haujaifikia, yote kwa mpigo. Shambani ni hatari. Kwenye silinda, kona hiyo ikilipuka hutoka wimbi la shinikizo linalogonga chuma. Oktani kubwa ni mabua mabichi kidogo: kona ya mbali inasubiri zamu yake.

Fundi akifungua plagi ya injini iliyogonga hivyo kwa muda, huona kwenye kauri nyeupe vitone vidogo vinavyong'aa. Ni aluminiamu ya pistoni.

Turbo inakaribisha balaa hili kwa sababu inashindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, na hewa inayoshindiliwa hupata joto. Ikiingia na nyuzi 30 na kushindiliwa mara mbili, hutoka kwenye turbo na zaidi ya nyuzi 100, ndiyo maana huwekwa rejeta ya kuipoza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia kumi. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu hapa, ila nalo halisumbuliwi sana na kugonga. Kwenye majimbo ya milimani Marekani, sheli huuza petroli ya oktani ndogo kwa sababu hiyo. Turbo haipati punguzo hilo. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikiwa inafukuzia shinikizo lile lile la Dar, itaishindilia hewa ya Dodoma mara mbili na robo badala ya mara mbili, na hewa itatoka na joto zaidi. Magari ya zamani, yanayotegemea springi tu kudhibiti turbo, hayafanyi hivyo.

Boksi hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama oktani itakufaa. Sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini husikiliza mgongano ule wa ndani ya silinda; ikiusikia, boksi huchelewesha cheche na nguvu inapungua. Kibandiko cha Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi mara nyingi hudai petroli bora, ambayo kwa viwango vya Japani huanzia 96. Gari kama hilo ukilitoa kwenye 91 ukaliwekea 96 au 98, utaisikia tofauti, maana cheche inarudi mahali pake. Ukiendelea hadi 110, boksi haina pa kwenda. Taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, imefika mwisho wa ilichoandikiwa, na ukaidi uliobaki umeulipia bure.

Isipokuwa, na hapa ndipo ubishi wa gereji unapopata uhai, baadhi ya mafuta ya mbio yana viambato vinavyobeba oksijeni, na hayo yanaweza kuongeza nguvu kweli. Mengine yana madini ya risasi, ambayo huua sensa ya oksijeni na masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Vichupa vya kuongeza oktani navyo visome vizuri: "pointi 30" kwa kawaida ni namba 3. Na anayekushauri mafuta ya ndege aulizwe ndege ipi, kwa sababu yale ya ndege za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa na yataigonga injini ya petroli vibaya kuliko chochote kilichoko sheli.

Mafuta ya mbio hulipa pale boksi inapoandikwa upya: shinikizo la turbo likapandishwa, cheche ikawahishwa. Ila gari lililoandikiwa 110 likiishiwa mafuta Manyoni, haliwezi kuwekewa ya kawaida na kukanyagwa kama kawaida. Mafundi makini huacha ramani mbili, yaani mipangilio miwili ya cheche na turbo, ndani ya boksi, moja ya mashindano na nyingine ya sheli yoyote ile, na dereva hubadilisha kwa swichi kabla ya kujaza.